Aliyeogopa Hakukufuru

"Hofu ni dhambi," alisema mhubiri kwenye matanga, hapa kwetu Kalunguta, mashariki mwa Kongo, huku akimtazama mjane aliyekataa kurudi kuvuna kakao yake upande wa Mbau. Mwenye imani hulala usingizi, akaendelea. Anayehesabu hatari za kesho amekwisha kumwambia Mungu kwamba hamtoshi. Watu wakaitikia Amina. Mjane naye akainamisha kichwa, akaitikia. Amina yake ndiyo inayonikera hadi leo, maana aliyehukumiwa alilazimika kuibariki hukumu yake mwenyewe.

Imani ni nini, wasiwasi ni nini, tuwaachie wenye kamusi. Mdenmark Kierkegaard aliandika kitabu kizima juu ya wasiwasi mwaka 1844, akaufananisha na kizunguzungu cha mtu anayechungulia shimo. Wasiwasi wake haukuwa na mlengwa. Wetu una panga mkononi. Tangu Oktoba 2014, wachinjaji walipoanza kuua watu usiku katika eneo la Beni, ambamo Mbau imo, zipo familia zinazolala zimevaa viatu. Nakubali kwamba hofu ni biashara nzuri kwa wanasiasa, na kwa wauza mafuta ya upako vilevile. Nakubali pia kwamba wapo waliopiga magoti wakainuka na amani ya kweli, na hao sina la kuwabishia.

Ninayembishia ni yule anayesema: Yesu mwenyewe alikataza kuisumbukia kesho, basi anayeisumbukia hamwamini. Hoja hii hurushwa kama kofi, na anayeirusha haoni haja ya kusubiri jibu. Haya, tuifungue Mathayo. Mlimani, katika sura ya 6, Yesu anazungumzia chakula na mavazi. Hasemi kwamba kesho haina mabaya. Anasema kila siku ina mabaya yake ya kuitosha. Sura nne mbele anawaambia wanafunzi wakifukuzwa mji mmoja wakimbilie mwingine. Na kabla ya yote, katika sura ya 2, Yusufu anaonywa ndotoni, anaamka usiku, anamchukua mtoto na mama yake, anakimbilia Misri. Kwa kipimo cha mhubiri wetu, Yusufu angeikemea ile ndoto, akajifunika shuka na kulala tena. Paulo naye alitoroka Dameski akiwa ndani ya kapu, akiteremshwa ukutani. Tumwite asiye na imani? Na yule aliyeomba Gethsemane kikombe kimwondokee, jasho likimdondoka, alikuwa anatenda dhambi gani?

Kuna jambo moja ambalo sijawahi kusikia likihubiriwa huku. Zaburi ya 91, ile tunayoikimbilia kila usiku mbaya, katika Injili inanukuliwa na Shetani. Anamsimamisha Yesu juu ya hekalu, anamwambia ajitupe, kwa kuwa imeandikwa malaika watamdaka. Yesu habishi kwamba Zaburi ni ya uongo. Anakataa kuigeuza kuwa hati ya kumdai Mungu. Sasa mtu anayemwambia mjane aende Mbau kwa sababu malaika wapo, ameketi upande gani wa mazungumzo yale?

Tena mhubiri huyu si mjinga wa hatari. Ebola ilipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikatusumbua hadi Juni 2020 na kuua watu zaidi ya 2,200, naye alinawa mikono mlangoni mwa kanisa lake. Aliiogopa kesho ya homa, akachukua hatua, wala hakuona kwamba imani yake imepungua. Hofu iligeuka dhambi ilipohamia kwa mjane.

Hoja yake ikifuatwa hadi mwisho inawafikia wafu. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Oktoba 2022, waasi waliishambulia hospitali ya Maboya, si mbali na hapa, wakaichoma. Miongoni mwa waliouawa ni Sista Marie-Sylvie Vakatsuraki, mtawa na daktari. Tarehe 15 Januari 2023 bomu lililipuka Kasindi ndani ya kanisa la Kipentekoste, watu wakiwa ibadani. Ikiwa imani ni kinga, basi hawa hawakuwa nayo ya kutosha. Sijamsikia mhubiri yeyote akilisema hilo wazi kaburini. Analisema nusu tu, kwa walio hai, kwa wajane.

Nadhani kosa lake limejificha mahali asipopatazama. Mwenye wasiwasi anataka kuijua kesho ili aishike. Mhubiri anadai ameshaishika. Kazi ya mpiga ramli aliyemfukuza kijijini ameichukua yeye: kuwaambia watu yatakayokuwa. Ila mpiga ramli, akikosea, huulizwa. Mhubiri akikosea, huulizwa mjane.

Hapa naomba niende kando kidogo, kwa sababu sipendi kuipita miti ya mjane bila kuitazama. Mkenya John Mbiti, kasisi wa Kianglikana, aliandika mwaka 1969 kwamba katika fikra za jadi za Kiafrika wakati ujao ni mfupi mno, wa miaka miwili hivi, na mbele yake hakuna kitu. Wengi wamempinga kwa hoja za vitabuni. Mimi ningempeleka mashambani. Kakao inakaa miaka mitatu hadi mitano kabla ya kuzaa vizuri. Kahawa vivyo hivyo. Kinkina hungojewa zaidi ya hapo ndipo ibanduliwe gome. Kuna mzee hupanda mikaratusi huko Butembo akijua kwamba mbao zitamjengea mjukuu. Wayira, watu wa huku kwetu, hawakungoja mtu kutoka ng'ambo awafundishe kesho. Waliipanda kwa mistari. Ndiyo maana wasiwasi umewaingia. Mjane asingepanda, asingekuwa na kesho ya kuiogopea. Kumwambia aiache hofu bila kuziacha kakao ni kumwomba apende kitu bila kujali kikipotea, na sijui upendo wa namna hiyo unafanana na nini.

Basi imani inampa nini, kama haimpi hakikisho? Watawa Waasumpsio, waliofika huku mwaka 1929, wanafuata kanuni ya Agostino, na Agostino alifundisha kwamba wakati ujao haupo popote ila moyoni mwa anayengoja. Nikimfuata, imani haiigusi kesho. Inagusa kungoja kwetu: tunangoja na nani, tunangoja tukifanya nini. Hapo nusura niridhike. Lakini kungoja hakulipi ada ya shule, na kakao iliyoiva haingoji.

Mhubiri angeweza kuuliza ni nani atakayemsindikiza mama huyu. Hakuuliza. Swali hilo nimeliuliza mimi, na kila jibu linanishinda: kumsindikiza ni kuwapelekea wachinjaji watu wawili badala ya mmoja, na kumshauri abaki ni kumpa haki yule ambaye, tunavyosikia, anaivuna kakao yake sasa hivi na kuiuza sokoni.