Sanamu za Mawe za Uchina na Haki ya Makaburi

Bismillahi r-Rahmani r-Rahim.

Ndugu msomaji, liko suala lipasalo kujibiwa. Mtu wa pwani amekaa Tunduma kwa biashara, karibu na reli waliyoijenga Wachina baina ya mwaka 1970 na 1975, naye amependezwa na vitu vya kale vya Uchina: simba, farasi na nyati waliochongwa kwa mawe. Je, yafaa kuwakusanya nyumbani? Yeye asema: "Mimi siwaabudu, napenda uzuri wao na ukale wao."

Jawabu ina milango miwili.

Wa kwanza ni sanamu yenyewe. Wanachuoni wengi wamekataza kuweka sanamu kamili ya chenye roho, ijapokuwa haiabudiwi, ila ikikatwa kichwa. Basi na ajipime: akiambiwa amkate simba wake kichwa, moyo wake utamwonyesha pendo hilo limefika wapi.

Mlango wa pili, ambao wengi huupita bila kubisha hodi, ni asili ya kitu. Wachina wa zama za Han walikuwa wakiwatia maiti wao mikononi nguruwe wadogo wa mawe ya thamani. Nguruwe huyo akiuzwa leo, hapana ila mawili: akiwa wa kweli, ametoka kaburini, akiwa wa uongo, ni ghashi, na Mtume (s.a.w.) amejitenga na mwenye kughushi. Mnunuzi wa mwisho hakufukua kaburi, lakini fedha yake ndiyo iliyomshikisha mfukuaji jembe.

Wala tusiseme: "Hayo ni makaburi ya wasiokuwa Waislamu." Tazama makaburi ya nguzo ya wazee wetu pwani, kama ya Kunduchi na Kaole. Yalipambwa kwa mabakuli ya Uchina, na mengi katika pwani hii yameng'olewa, yakabaki matundu matupu. Sisi twayaona tukasikitika. Je, uchungu wetu uwe ni haki, na wa mwenzetu uwe si kitu?

Huko huko Songwe, katika Mbozi, kiko kimondo kikubwa cha chuma. Kimeachwa mahali pake, na kila apitaye hukitazama akakumbuka uwezo wa Muumba. Kumbe jicho laweza kushiba pasi na mkono kumiliki.

Mwenyezi Mungu atuepushe na mali isiyojulikana itokako. Amin.