Usafi Si Ukali wa Harufu

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Aliyeyateremsha maji kutoka mbinguni yakawa ni tahara kwa waja Wake, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, na Ahli zake na Sahaba zake. Ama baada ya haya:

Enyi ndugu zetu Waislamu, wanaume kwa wanawake. Mlango wa kwanza tusomeshwao katika fikihi ni mlango wa tahara. Tumeusoma kabla ya Sala, kabla ya Zaka, na wengi wetu tumeuhifadhi tangu chuoni, tukiwa watoto wa kukaa juu ya jamvi. Lakini yaonekana kwamba mlango huu twauacha ndani ya kitabu, na tuingiapo madukani kununua vitu vya kusafishia nyumba zetu twafuata fikihi nyingine, nayo ni fikihi ya pua. Kile kinukacho sana ndicho tukionacho kuwa chasafisha sana. Kile kitiacho machozi na kukwaruza koo ndicho tukisifiacho kuwa ni kikali, na mwanamke asiyekuwa nacho hudhaniwa kuwa si msafi wa nyumba yake.

Sheria haikusema hivyo. Wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Imam Shafi wamesema kuwa najisi yenye dhati huondolewa dhati yake, na utamu wake, na rangi yake, na harufu yake, na kiondoacho ni maji. Na ikibakia rangi peke yake, au harufu peke yake, baada ya mtu kuosha na kusugua mpaka akashindwa, basi imesamehewa. Angalieni huruma ya dini hii! Imesamehe athari iliyokuwa nzito kuondoka, wala haikumkalifisha mtu kuchoma mikono yake ili aiondoe. Na hapana mwanachuoni yeyote aliyeshurutisha kuwa choo kinuke kama hospitali ndipo kiwe kimetaharika. Sayyidna Umar (Radhi za Mwenyezi Mungu zimfikie) alitawadha kwa maji yaliyotoka katika mtungi wa mwanamke wa Kinasara, wala hakuuliza mtungi ule ulisuguliwa kwa nini. Wasiwasi wa tahara ni maradhi ya zamani. Zamani mtu aliyepatwa nayo alikuwa akimaliza maji ya kisima. Leo amaliza chupa za dawa.

Na jambo hili lingekuwa ni upuuzi tu wa mali, tungelisema neno moja tukapita. Lakini lina madhara, na Mtume wetu (S.A.W.) ametufunza kuwa haifai mtu kujidhuru wala kumdhuru mwenziwe, na juu ya msingi huo wanavyuoni wamejenga milango mingi ya fikihi. Basi hebu tutazame kinachofanyika katika misala yetu.

Iko dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, ambayo watu wetu huiita jiki, iwe imetengenezwa na nani. Iko na asidi ya kuoshea vyoo. Kila moja ina kazi yake na hatari yake. Lakini mtu huona choo kina weusi usiotoka, akatia hii, haukutoka, akatia na ile juu yake, akidhani kuwa nguvu mbili zashinda nguvu moja. Zikutanapo hizo mbili hutoka hewa ya klorini. Anayetaka kujua hewa hiyo ni kitu gani na asome habari za vita vya kwanza vya dunia: tarehe 22 Aprili 1915, karibu na mji wa Ypres katika nchi ya Ubelgiji, jeshi la Wajerumani lilifungua mitungi ya hewa hiyo ikachukuliwa na upepo mpaka kwenye mahandaki ya adui, na watu wakafa kwa kukosa pumzi. Ni hewa ile ile. Nayo ni nzito kuliko hewa tuvutayo, kwa hivyo hutuama chini, mahali alipoinama mwanamke na brashi yake, ndani ya chumba kisichokuwa na dirisha. Na siki pia ni asidi, na ndimu vile vile. Mtu asidhani kuwa kwa sababu ndimu yatoka mtini basi haina neno ikichanganywa na jiki. Na mkojo uliolala chooni nao, ukimwagiwa jiki, hutoa hewa nyingine yenye kuchoma mapafu. Choo humwagiwa maji mengi kwanza.

Twamjua khadimu wa msikiti mmoja, na msikiti wenyewe hatuutaji, aliyechanganya dawa hizo siku ya Alkhamisi ili watu wa Ijumaa wakute mahali pa kutawadhia pananukia. Alitolewa nje akibebwa, na siku nyingi baadaye alikuwa hawezi kumaliza adhana moja bila ya kukohoa. Nia yake ilikuwa njema, na ujira wa nia yake uko kwa Mola wake. Lakini sisi tuliokuwa twamsifu kwa ule ukali wa harufu, twajibu nini? Mtume (S.A.W.) alimkataza aliyekula kitunguu thumu kibichi asiukaribie msikiti, kwa kuwa Malaika huudhika kwa yale yanayowaudhi wanadamu. Kitunguu thumu ni chakula halali, na harufu yake haimuui mtu. Basi pimeni wenyewe hukumu ya moshi uchomao macho ya wenye kusali na kuwabana vifua wenye pumu.

Sasa tuje kwenye jambo lililotufanya tuandike karatasi hii, nalo ni chupa ya soda. Sabuni ya maji, na jiki ya kupima, na mafuta ya taa, na hata maji ya kostiki, vyote hivi vyauzwa katika vijiji vyetu, kutoka Msambweni mpaka Vanga, ndani ya chupa zilizokuwa za soda au za maji ya kunywa, hazina jina wala alama. Mtoto wa miaka miwili hajui kusoma, lakini chupa ya soda aijua. Ameiona mkononi mwa babake siku ya Idi. Akiikuta chini ya karo ataifungua na kuinywa kwa furaha. Kostiki huchoma koo na njia ya chakula kwa dakika chache, na aliyesalimika huenda akaishi na koo lililozibana hata chakula kisipite. Mafuta ya taa huingia mapafuni. Na hapa twataka kila mzazi ahifadhi jambo moja: mtoto aliyekunywa vitu hivi hatapishwi, kwa kuwa kilichochoma kikishuka kitachoma tena kikipanda, na mafuta yatapata njia ya kuingia mapafuni. Huoshwa mdomo, akachukuliwa hospitali mara moja, pamoja na ile chupa, ili daktari ajue amekunywa nini.

Ewe ndugu muuzaji, Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akatia mkono wake ndani ya fungu la nafaka, akakuta chini ni majimaji, akamkemea mwenye nafaka kwa kuuficha unyevu ule, na akamtoa mwenye kughushi katika jamaa yetu. Hiyo ilikuwa ni nafaka iliyorowa tu. Wewe wauza kitu kiwezacho kuua ndani ya chombo cha kinywaji, na mnunuzi hajui kimechanganywa nini wala kwa kadiri gani. Na wanavyuoni wamesema kuwa mwenye kutibu watu bila ya kujulikana kuwa na ilimu ya utabibu, akidhuru, juu yake iko dhamana. Mimi naona mwenye kuchanganya dawa hizi akaziuza bila ya ilimu yake hayuko mbali na hukumu hiyo. Chupa nyingine, kifuniko kigumu, karatasi yenye jina na neno la hatari: haya hayakuzidishii gharama ya kukufilisi.

Huenda mtu akatwambia, "Basi tusafishe kwa nini?" Jawabu yake iko karibu na kila mmoja wetu. Sehemu kubwa ya usafi ni maji, na sabuni, na kusugua. Majivu yaliyochekechwa na kumbi la nazi vyaondoa masizi ya sufuria. Ukwaju wang'arisha shaba, na mama zetu wakijua haya kabla ya kufika dawa ya kopo. Siki huondoa ule ukoga mweupe unaoganda ndani ya birika kwa ajili ya maji yetu ya chumvichumvi. (Na kwa wenye kuuliza juu ya siki ya tembo: tembo likigeuka lenyewe likawa siki, pasipo kutiwa kitu, ni tahiri na ni halali.) Magadi hukata mafuta ya jikoni. Lakini usitie siki na magadi pamoja ukafurahia kule kutoka povu, kwani kila kimoja humuua mwenziwe na mkononi mwako hubaki maji tu.

Na katika sabuni, sisi watu wa Kibuyuni hatuna haja ya kwenda mbali. Wanawake wetu wamekuwa wakipanda mwani katika maji haya kwa zaidi ya miaka kumi sasa, baada ya kuanzishwa kwa msaada wa watafiti wa taasisi ya bahari na uvuvi ya Kenya. Hushuka bamvua likitoka, wakafunga vipande katika kamba, na baada ya wiki kama sita wakavuna na kuanika. Mwani mkavu ukiuzwa kwa magunia bei yake ni ndogo, lakini ukisagwa ukatiwa katika sabuni hupata thamani nyingine, na wao wameijua kazi hiyo. Wenzetu wa Unguja, ambako kilimo cha mwani wa biashara kilianza mwaka 1989, nao waitengeneza, na kikundi cha Tusife Moyo cha Kidoti chajulikana kwa sabuni yake. Ni haki tuseme kweli: kinachoosha ni sabuni yenyewe, na mwani huongeza ulaini. Asiyekuwa na mwani asijione kuwa hawezi.

Sabuni ni mafuta na kostiki vilivyokutana kwa kipimo. Kwa kilo moja ya mafuta ya nazi hutiwa kama gramu 170 za kostiki na gramu 400 za maji, ikiwa ni ya kufulia na kuoshea vyombo. Na ya kuogea hupunguzwa kostiki mpaka gramu 150, ili mafuta yabaki kidogo na ngozi isikauke. Pima kwa mizani, si kwa kikombe. Kostiki ndiyo humwagwa katika maji pole pole, wala maji hayamwagwi juu ya kostiki, kwani yataruka na kumchoma mtu. Usitumie sufuria ya alumini, nazo nyingi za jikoni kwetu ni za alumini, kwa kuwa kostiki huila na kutoa hewa yenye kushika moto; tumia ndoo ya plastiki ngumu. Vaa glavu, funika macho, fanya kazi uwanjani, na watoto wasiwepo. Ikikurukia, osha kwa maji mengi yanayopita kwa muda mrefu. Kesho yake kata vipande, uviache wiki nne mahali penye upepo, kostiki iishe kazi yake. Mwenye kudhani kuwa cha kutengeneza nyumbani hakina hatari kwa kuwa ni cha nyumbani, huyu asiiguse kazi hii.

Sabuni ya nazi ina fadhila mbili kwetu. Ya kwanza, hutoa povu hata katika maji ya chumvi, na visima vyetu vyajulikana. Ya pili ni ya fikihi: sabuni nyingine hutengenezwa kwa mafuta ya wanyama ambao hatujui ni wanyama gani, wala wamechinjwa vipi, na madhehebu yetu hayasemi kuwa mafuta ya najisi hutaharika kwa kugeuka sabuni, ingawa wenzetu wa Hanafi wamewasii. Mwenye kupika sabuni yake kwa nazi yake amepumzika na khitilafu hiyo.

Hatukuharimisha jiki. Kukiwa na kipindupindu au mgonjwa wa kuhara nyumbani, dawa ya klorini ina manufaa makubwa: sabuni na maji kwanza, kisha klorini iliyozimuliwa kwa maji baridi kwa kipimo kilichoandikwa, peke yake, na madirisha wazi. Mabaki hayamwagwi karibu na kisima. Ardhi yetu hii ni mwamba wa matumbawe, kilichomwagwa juu chafika majini upesi, na Mtume (S.A.W.) ametuhadharisha na kuchafua mahali watu wachotapo maji.

Na enyi waume, dawa hizi ninyi ndio mzinunuao mara nyingi, na avutaye hewa yake siye ninyi. Dirisha la choo ni kazi ya nusu siku kwa fundi.

Tumeulizwa katika darasa: maji ya tangi la msikiti yakitiwa klorini, yafaa kutawadhia? Yakitiwa kidogo, kwa kadiri itiwayo ya kuua vijidudu, yafaa, kwa kuwa mageuko madogo hayalitoi jina la maji, na mtu asiache kutawadha kwa maji ya bomba kwa ajili ya harufu hiyo. Yakitiwa nyingi mpaka yakageuka mageuko makubwa, mtu akiyaona haiti tena maji bila ya kuongeza neno, basi hayatawadhiwi, ingawa ni tahiri. Tangi humwagwa, likasuuzwa, likajazwa upya.

Wassalaam.