Asiyeona na makumbusho: sadaka au haki?

Wapo wanaouliza: kipofu aende makumbusho kutazama nini? Swali hilo linadhani kwamba elimu huingia kwa macho tu.

Huko Ancona, Italia, mume na mke wasioona, Aldo Grassini na Daniela Bottegoni, walichoshwa na katazo la kugusa. Kwa rai yao, mwaka 1993 yalianzishwa Makumbusho ya Omero, ambamo kila kitu hushikwa kwa mikono. Mwaka 1999 yakawa makumbusho ya taifa. Itasemwa kwamba mikono huchakaza vitu. Ni kweli, na ndiyo maana pale zimewekwa nakala za sanamu mashuhuri na mifano ya majengo.

Ndugu msomaji, kwa mtazamo wangu hiyo si sadaka, ni haki. Sadaka hungoja moyo wa mtoaji; haki hudaiwa. Bwana Mtume (s.a.w.) hakumweka pembeni Abdallah bin Ummi Maktum (r.a.), aliyekuwa kipofu, akamtosheleza kwa huruma. Alimpa kazi ya kuadhini, na aliposafiri alipata kumwachia Madina.

Basi wenye makumbusho wasimuulize asiyeona anafuata nini. Wajiulize wao wamemzuia kwa nini.