Kijana wa Kibiti, Programu Hiyo Bado Haijafa

Msimu wa ufuta ukifika, watu wanaopanga foleni kwenye ofisi ndogo za ushirika za Kibiti na Bungu wanataka kitu kimoja: karatasi. Karatasi yenye jina, kilo na fedha. Printa ikigoma, kilichomo kwenye skrini hakimridhishi mkulima, na ana haki.

Hapo ndipo hutokea bingwa wa kukata tamaa: "Programu ya zamani hiyo, tupeni, nunueni nyingine." Usimwamini upesi. Programu ya enzi za DOS haiharibiki kwa sababu ofisi imenunua kompyuta mpya. Hesabu zake ni zilezile. Kilichokatika ni njia ya kwenda kwenye printa, na njia hutengenezwa.

Ijue njia yenyewe. Programu hizo zilipeleka herufi moja kwa moja LPT1, lile tundu pana la pini 25 nyuma ya kompyuta. Leo printa inachomekwa USB. Programu inazidi kumwaga herufi LPT1 na hakuna wa kuzipokea, kama nahodha anayeshika mkondo wake wa siku zote deltani bila kujua kwamba mchanga umeshauziba. Chombo ni kizima. Mwonyeshe mkondo ulio wazi.

Anza kwa kuuliza: programu inafunguka? Windows ya biti 64 haiendeshi programu za DOS, na Windows 11 hutoka ya biti 64 tu. Hapo weka vDosPlus au DOSBox-X. Ni za bure, na zinajua kudaka kilichotumwa LPT1. (DOSBox ya kawaida ilitengenezewa michezo, mambo ya kuprinti haikuyajali.) Kama una Windows ya biti 32, shea printa, ipe jina fupi lisilo na nafasi, kisha andika kwenye dirisha la amri:

net use lpt1: \\kompyuta\printa /persistent:yes

Weka majina yako halisi, halafu jaribu: echo habari > lpt1

Sasa jikaze, maana hapa ndipo wengi hunyoosha mikono. Taa ya printa inapepesa, karatasi haitoki. Furahi! Herufi zimefika. Printa ya leza husubiri ukurasa ukamilike, na hakuna aliyeitumia alama ya kufunga ukurasa, ile namba 12. Kwa printa nyingi, ukibonyeza kitufe kinachopepesa ukurasa unatoka.

Zikitoka takataka, au kimya kitupu, ichunguze printa. Nyingi za bei nafuu hazisomi herufi. Zinangoja picha iliyokwisha kuchorwa na Windows. Tafuta inayoelewa lugha ya printa ya PCL, au ile ya pini yenye lugha ya ESC/P, na makelele yake yote. Watakaokucheka waache wacheke: kutoa stakabadhi na nakala zake kwa mpigo mmoja, leza haiwezi.

Na kabla hujagusa chochote, nakili folda nzima ya programu kwenye flashi mbili, moja ikakae mbali na mto. Mafuriko ya Aprili 2024 tuliyaona wote.

Kwa nini wewe? Kwa sababu fundi wa Dar es Salaam akiitwa Maparoni au Kiongoroni, lazima asafiri hadi Kibiti, ateremke Nyamisati, apande boti na kufuata saa za maji. Mkulima hawezi kungoja hayo yote kwa ajili ya karatasi moja. Tena kazi inaongezeka: Microsoft ilisitisha msaada wa Windows 10 Oktoba 2025, na kila ofisi inayobadilisha kompyuta inaweza kuamka na printa bubu.

Basi nenda ukaulize kwenye ofisi iliyo jirani nawe leo hii. Njia ikishafunguka, andika amri uliyotumia, ibandike ukutani juu ya printa, toa orodha ya wanachama kuanzia A hadi Z, mkabidhi katibu, na udai ujira wako bila haya.