Mgongo wa Mchezaji: Swali la Kimaadili Kuhusu Duara katika Tamthilia ya Nyimbo

Miongoni mwa madai yaliyozoeleka katika uhakiki wa sanaa za maonyesho za Afrika Mashariki, hapana lililopokewa kwa imani kubwa kuliko lile lisemalo kwamba jukwaa la Mwafrika ni duara na jukwaa la Mzungu ni kisanduku. Dai hili halikomei kwenye umbo. Aghalabu hutolewa pamoja na hukumu ya kimaadili: kwamba duara ni usawa na ushirika, na kisanduku ni utengano wa fanani na hadhira yake. Makala haya yanakusudia kulihoji dai hilo kwa mfano mmoja ambao nimekuwa nikiwapa wanafunzi wa uzamili kama zoezi, nao ni kupanga upya miondoko ya tamthilia ya nyimbo ya Kisomali, yaani riwaayad, ili ichezwe mjini Garissa huku watazamaji wameizunguka pande zote.

Msomaji ana haki ya kuuliza riwaayad ina nini katika jarida la fasihi ya Kiswahili. Jibu langu ni fupi. Uhakiki wetu wa Kenya umezoea kuishia kwenye daraja la mto Tana, kana kwamba ng'ambo yake hakuna ila mchanga na ngamia, ilhali Kiswahili kimekwisha kuvuka daraja hilo zamani na kinasikika madarasani na sokoni. Isitoshe, riwaayad ndiyo tamthilia ya nyimbo iliyokomaa kuliko zote tulizo nazo kwa jirani. Nyimbo nyingi za Kisomali zinazopendwa hadi leo zilizaliwa ndani ya tamthilia hizo kabla ya kusambaa redioni na kwenye kanda. Jumba la Taifa la Maonyesho lililofunguliwa Mogadishu mwaka 1967 liliipa sanaa hiyo makao rasmi, na makao hayo yalikuwa na jukwaa la kutazamwa kutoka upande mmoja.

Turejee kwenye dai. Historia hailiungi mkono kwa urahisi. Ni kweli kwamba Jumba la Taifa la Maonyesho la Nairobi, lililofunguliwa mwaka 1952, ni kisanduku, na kwamba wanakijiji wa Kamiriithu walipojijengea jukwaa lao wazi mwaka 1977 walichagua nusu duara. Lakini Washington imekuwa na jumba la duara, Arena Stage, tangu mwaka 1950, na kule Scarborough, Uingereza, Stephen Joseph alianzisha lake mwaka 1955. Kwa upande wa pili, dhaanto, ngoma ambayo Wasomali wa Garissa huihesabu kuwa yao hasa, aghalabu huchezwa kwa mistari inayoelekeana au kusogea pamoja, wala si lazima iwe na mviringo. Umbo, basi, halina kabila. Tukitaka kulipa duara sifa ya haki, hatuna budi kuitafuta sifa hiyo mahali pengine.

Anayepanga miondoko kwa ajili ya duara hugundua jambo moja mapema kuliko yote: mgongo hauna pa kwenda. Katika kisanduku, ukuta wa nyuma huubeba mgongo wa mchezaji, na kazi ya mpangaji ni kuhakikisha nyuso zinaelekea mbele. Safu ya wachezaji wanaorusha miguu kwa pamoja, ambayo ni uti wa tamthilia nyingi za nyimbo za Marekani, imejengwa juu ya dhana hiyo. Ipeleke kwenye duara nayo huvunjika: nusu ya hadhira inatazama visogo, na walioketi kwenye ncha mbili za safu wanamwona mtu mmoja tu. Ndiyo maana wapangaji wa duara hupenda mistari ya mshazari, humgeuza mchezaji kila baada ya mapigo machache, na humsimamisha yule asiyesogea kwenye mdomo wa njia ya kuingilia, ambapo mgongo wake utawaziba wachache. Kushoto na kulia hupoteza maana. Wengine hupanga kwa kuhesabu kama saa, kwamba fulani asimame saa tatu na fulani saa tisa. Sakafu huwa ndiyo mandhari, kwa kuwa watazamaji walioketi juu huitazama muda wote. Na hakuna kuingia kwa siri, kwani anayesubiri zamu yake tayari anaonekana.

Mtu anaweza kudhani kwamba haya ni mambo ya ufundi tu. Mimi naona ndani yake kuna swali la maadili, kwa sababu kumpanga mtu aonekane kutoka pande zote ni kumwondolea upande mmoja aliokuwa amejiwekea mwenyewe. Je, kwa haki gani, na kwa malipo gani?

Methali yetu ina jibu la sehemu. Mcheza kwao hutuzwa, husema wengi. Wapo wasemao hutunzwa. Kwa kawaida tunaichukulia kama tofauti ya matamshi na kuendelea na safari, lakini maneno hayo mawili yakiwekwa pamoja yanaeleza mapatano kamili. Kutuza ni kutoa: mtazamaji anainuka, anaingia uwanjani, anampachika mchezaji noti kwenye paji la uso au kumfunika leso mabegani. Kutunza ni kulinda. Anayecheza kwao hupewa vyote viwili na mtu yule yule, kwani aliye na ruhusa ya kuingia na kutoa ndiye pia aliye na wajibu wa kuuchunga mgongo wa anayecheza. Neno zito katika methali hiyo si "hutuzwa" bali ni "kwao".

Mfano ulio wazi kuliko yote unapatikana Garissa kwenyewe. Buraanbur ni utungo wa wanawake wa Kisomali, wenye mizani yake, unaotolewa hasa arusini kwa ngoma na makofi. Wanawake hufanya mduara. Mmoja hutamka beti, na mwingine, au wawili, huingia katikati na kucheza, kisha hutoka na kumwachia nafasi mwingine. Desturi humtaka mwanamume awe mbali. Hapa mchezaji anaonekana kutoka pande zote, wala haoni ameporwa chochote, kwa sababu kila anayemtazama anaweza kuwa katikati baada ya dakika moja. Kutazama na kutazamwa ni deni linalolipwa papo kwa papo. Sasa chukua mduara huo huo, usiongeze wala usipunguze hatua moja, uuweke mbele ya watu waliokata tiketi, wanaume kwa wanawake, ambao hawatoingia kamwe. Umbo halikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kwamba deni sasa halina mlipaji.

Bomas of Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1971 nje kidogo ya Nairobi, ina ukumbi mkubwa wa mviringo, na kundi lake hucheza ngoma za jamii nyingi za nchi mbele ya watalii na wenyeji. Siyabezi maonyesho hayo, yamehifadhi mengi. Ila sikubali tuambiwe kwamba kwa kuwa viti vimeuzunguka uwanja basi tumerudi kijijini. Mtazamaji hata akialikwa kuingia huingia kwa hisani ya ratiba, hana haki yake mwenyewe. Hali hiyo si yetu peke yetu. Mwaka 2019, tamthilia ya nyimbo ya Oklahoma! iliyotungwa mwaka 1943 ilichezwa upya New York katika jumba la Circle in the Square, hadhira ikiwa imekaa karibu sana na wachezaji, na wakati wa mapumziko watazamaji waliandaliwa chakula cha maharagwe na mkate wa mahindi. Ukarimu huo ulikuwa na akili, nao ulikiri tatizo: waliosimamia onyesho walijua kwamba kumkaribisha mtu mezani si sawa na kumkaribisha ngomani, lakini ni hatua.

Katika semina zetu hoja hii hupingwa kutoka pande mbili. Wapo wanaosema kwamba kama ndivyo, basi buraanbur isiguswe, ibaki arusini, na mwanamke asichezeshwe mbele ya wageni. Wapo wanaosema kinyume chake: mchezaji wa leo ni msanii anayelipwa, ameridhia, na maswali ya mgongo ni haya ya kizamani. Wa kwanza wanasahau kwamba riwaayad yenyewe iliwahi kuwapandisha wanawake jukwaani kwa heshima. Wa pili wanaichukulia ridhaa kama cheti kinachotolewa mara moja. Mchezaji anaridhia kucheza mbele ya hadhira. Haimaanishi ameridhia kila pembe ambayo mpangaji ataiuza kwa niaba yake. Kati ya hizo mbili ipo njia ya kifundi: kumzungushia mchezaji mmoja wanawake wenzake waliotazama ndani, garbasaar zao zikiwa ukuta unaofunguka na kufungika kwa mapigo ya ngoma, naye akaamua lini ukuta ufunguke. Hapo duara linakuwa na mlango, na ufunguo unao yeye.

Lakini Garissa ina sababu nyingine ya kulitazama duara kwa macho makavu. Novemba 1980 mjini humo, na Februari 1984 kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla karibu na Wajir, raia walikusanywa mahali pa wazi na kuzungukwa na askari wa dola. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya mwaka 2013 iliyaweka mauaji yaliyofuata katika kumbukumbu rasmi. Kwa mzee aliyekuwa kijana miaka hiyo, kuwa katikati huku umezingirwa na macho si lazima kuwe na ladha ya ushirika. Nayo tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa katika chuo kikuu kilichopo mjini humo. Mhakiki anayeendelea kuimba kwamba duara ni undugu angefaa aulize watu hawa wanapenda kuketi wapi, na mlango ukiwa upande gani.

Hata hivyo ni hapa ninapoona sifa ya kweli ya duara, nayo haihusu mgongo wa mchezaji bali wa mtazamaji. Katika jumba la kisanduku hadhira nzima huupa mlango mgongo kwa pamoja. Hakuna anayeona kinachokuja. Katika duara, kila mtu anakiona kilicho nyuma ya yule aliye mkabala naye. Bila kuambiwa, watu wasiojuana wanachungana.

Tuseme, basi, tunachukua Shabeelnaagood ya Hassan Sheikh Mumin, tamthilia ya miaka ya 1960 iliyochapishwa London mwaka 1974 kwa Kisomali na Kiingereza. Shabeel ni laghai. Anamhadaa Shallaayo kwa ndoa isiyo ndoa kisha anamtupa. Tuseme mpangaji ameiweka hadaa hiyo katikati, wawili hao wakiwa wanatazamana na kuzunguka polepole. Upande mmoja wa hadhira unauona uso wa mwongo na mgongo wa anayedanganywa. Upande wa pili unauona uso unaoamini. Hakuna anayeona vyote kwa wakati mmoja. Ndoa katika Uislamu inataka mashahidi, na hapa mashahidi wapo mamia, kila mmoja ana nusu ya ushahidi, na wote wamenyamaza. Kisanduku hakiwezi kufanya hivyo, kwani humpa kila mtu ushahidi ule ule. Duara linamlazimisha mtazamaji kutambua kwamba yule wa ng'ambo anajua asichokijua yeye.

Katika buraanbur, mwanamke ajuaye angeingia na kulisema jambo hilo kwa beti. Katika tamthilia hawezi, maana maneno yamekwisha kuandikwa. Wanafunzi wanaponiletea michoro yao, njia zote nne za kuingilia huwa zimegawiwa wachezaji. Mimi huwaomba waiache moja bure katika tukio hilo, asiingie wala asitoke mchezaji yeyote kupitia hapo, na huwaambia wawaeleze wapiga ngoma waurefushe mdundo kwa muda ambao mtu aliyeketi safu ya mwisho angehitaji kuinuka, kufunga kanga yake vizuri na kushuka hadi uwanjani. Kwa hesabu yangu ni kama mapigo thelathini na mawili. Wapiga ngoma hulalamika kwamba ni marefu mno.