Nani Atawaona?

Ami yangu alikuwa baharia, na safari moja alirudi Mombasa na kamera ya filamu ya Supa 8. Alipofariki tulikuta mikanda saba ndani ya kopo la biskuti, kila mmoja umeviringwa kwenye kigurudumu chake kidogo cha plastiki. Sita aliipiga yeye: bandari, mpira, watoto wanaoikimbilia kamera. Wa saba aliupiga shangazi mwaka 1974, uani, siku ya kumpamba bi harusi, mahali ambapo ami hakuweza kuingia. Wanawake wote waliomo hawana buibui wala mtandio.

Nilipomwambia shangazi kwamba nataka mikanda hiyo igeuzwe kuwa video, hakuuliza bei. Aliuliza, "Nani atawaona, mwanangu?"

Sikuwa na la kumjibu. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya kiufundi, na hayo niliyajua. Mkanda wa Supa 8 una mita 15, fremu 3,600 hivi, na kwa mwendo wa fremu 18 kwa sekunde huisha kwa dakika tatu na sekunde ishirini. Ukichezwa kwa mwendo wa video ya kawaida, watu wanakwenda mbiombio kama wanaokimbia mvua. Kuna wanaourusha mkanda ukutani kwa projekta na kuurekodi kwa kamera, na kuna wanaouskani fremu moja moja kwa mashine isiyo na meno, mkanda ukipita juu ya roli laini. Kwetu watu wa pwani tofauti hiyo ni kubwa. Nyingi ya filamu hizi zimetengenezwa kwa asetati, na joto likichanganyika na unyevu asetati huanza kuoza na kutoa harufu ya siki. Kisha husinyaa. Mkanda uliosinyaa matundu yake hayalingani tena na meno ya projekta, na ukilazimishwa hupasuka.

Mkanda wa shangazi ndio uliokuwa unanuka siki. Niliufungua dirishani asubuhi, nikavuta urefu wa kiganja na kuuelekeza kwenye mwanga. Fremu haifiki milimita 6 kwa upana. Kwa lenzi niliyoazima kwa fundi saa niliona mkono wenye hina mbichi umeinuliwa ili usiguse nguo, na nyuma yake mwanamke anabandika kikuba kifuani mwa mwenzake. Nyekundu ya kanga ilikuwa bado imekolea. Nikaurudisha haraka, maana nilihisi nimechungulia.

Binamu yangu anayekaa Uingereza alinitafutia maabara tatu, nami nikaziandikia zote barua moja, na swali la shangazi ndani yake. Ya kwanza ilituma bei siku ileile, na ahadi kwamba kompyuta itaongeza fremu zisizokuwepo ili mwendo uwe laini, na kuzing'arisha nyuso. Sikuitaka. Bi harusi yule alishatangulia mbele ya haki, na uso wake nikiuona niwe na hakika kwamba ni wake.

Ya pili ilinijibu kwa upole kwamba nisiwe na wasiwasi, kila kitu hufanywa na mashine, hakuna mtu anayeangalia. Nilifarijika kwa dakika chache. Halafu nikafikiri: kama hakuna anayeangalia, nani ataona kiungo kinachoachia? Nani atasimamisha mashine mkanda ukianza kujikunja? Mkanda uliochakaa unahitaji jicho la mtu, kama mgonjwa.

Ya tatu haikutaja bei. Iliuliza: mikanda ilihifadhiwa wapi, upi unanuka, kuna mstari wa sauti pembeni? Ikaeleza kwamba wa saba huenda usitoke mzima, na kwamba itauskani kabla ya mingine kwa kuwa hali yake haisubiri. Kuhusu shangazi ilisema wazi: mtu lazima autazame, ili kupima rangi na kukagua kazi. Wana fundi mwanamke, ataushughulikia peke yake mlango ukiwa umefungwa, na tukishathibitisha kwamba tumepokea, nakala yao itafutwa.

Nilimsomea shangazi majibu yote. La pili alilisikiliza bila neno. La tatu aliniambia nilirudie. Kisha akataja jina la bibi mmoja wa mtaani kwetu aliyekuwa akiwaosha maiti wanawake. Bibi yule, alisema, aliona kila kitu cha kila nyumba, makovu, maradhi, na hakuna mtu aliyewahi kusikia kitu kutoka kwake. Nilielewa hapo kwamba kwa muda wote nilikuwa nikitafuta mahali pasipo na macho, naye hakuwa ametaka hivyo. Alitaka kujua macho ni ya nani.

Bado hakuridhika. Alikaa na simu siku mbili akiwatafuta waliomo kwenye mkanda ambao wako hai. Aliwapata wanne. Watatu waliridhia, mmoja aliomba uonwe na wanawake tu, na shangazi akamwahidi.

Binamu aliibeba mikanda mkononi, hakuiweka kwenye mizigo. Ilirudi yote saba, wa saba ukiwa na karatasi inayoonyesha ulipoungwa na sentimita ngapi zilishindikana. Nimeihifadhi penye ubaridi na pakavu kadiri ninavyoweza, kwa sababu faili nalo hufa.

Tuliutazama Ijumaa alasiri, wanawake kumi na mmoja sebuleni, pazia limeshushwa, mlango umekomewa. Picha inatikisika kwa kuwa aliyeshika kamera alikuwa anacheka. Bi harusi anainamisha kichwa. Hina inapita, vikuba vinapita, mtu anafunika uso kwa kanga kisha anaufunua. Karibu na mwisho jua lilikuwa limeshuka, na kwenye ukuta mweupe wa uani kikatokea kivuli cha msichana mwembamba, viwiko vimeinuka, kisanduku machoni.

"Rudisha," alisema shangazi. Nikarudisha.