Mrithi wa Jina

Mtu apewapo jina la marehemu, hupewa nini? Swali hili tuliulizwa na mzee mmoja hapa Mlali, chini ya milima ya Uluguru, nasi hatukuwa na jibu la haraka, ingawa kazi yetu ni kufundisha.

Kwetu Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba afapo mpwa wake huweza kusimama mahali pake na kuitwa kwa jina lake. Jina lililo mashuhuri ni Kingalu, la huko Kinole, upande wa mashariki wa milima, ambalo watu waliliheshimu kwa ajili ya mvua. Kingalu hufa, na Kingalu yupo. Uchifu ulifutwa nchini mwaka 1963, wala jina halikuzikwa pamoja nao.

Asidhani msomaji kwamba mambo haya ni ya watu wa milimani tu. Waingereza wanalo jina Percy, la mabwana wakubwa wa Northumberland, lililoingia kwao pamoja na Wanormani katika karne ya 11. Karne iliyofuata wanaume wa ukoo ule walikwisha. Binti yao Agnes akaolewa na Joscelin wa Louvain, na uzao wao ukaitwa Percy. Mwaka 1670 wanaume wakakoma tena. Hata Hugh Smithson, aliyemwoa binti wa uzao huo, akaliacha jina la baba yake mwaka 1750, akajiita Percy, na mwaka 1766 akapewa daraja ya Duke. Tulitabasamu tuliposoma: jina lile la fahari limevushwa na wanawake, kama yetu!

Tena Shakespeare alilitumia apendavyo. Henry Percy, aitwaye Hotspur, aliyeuawa vitani Shrewsbury mwaka 1403, alimzidi mwana wa mfalme kwa miaka zaidi ya 20; lakini katika mchezo wamekuwa vijana wa rika moja, ili washindane vema. Marehemu hawezi kulilinda jina lake.

Na hapo ndipo penye shida ya yule mzee. Alimkopesha jirani yake magunia mawili ya mahindi. Jirani akafa, mpwa wake akarithi jina na shamba la migomba. Alipodaiwa alijibu, "Aliyekopa amekwisha kuzikwa." Walakini juma lililotangulia, watu walipobishana juu ya mpaka wa shamba lile, kijana huyo huyo alisimama akasema, "Hapa nilifyeka mimi, kabla hamjazaliwa," na wazee wakakubali, kwa kuwa ndivyo jina linenavyo.

Wako watakaosema kwamba deni ni la mtu, si la jina. Twakiri kuna neno ndani yake: kama mjomba alimpiga mtu, hatungependa mpwa apigwe kwa ajili yake, maana mkono uliopiga haupo tena. Lakini mahindi yaliliwa katika nyumba ile ile aliyoirithi. Na jina hakulazimishwa. Angaliweza kulikataa mbele ya ukoo, akabaki na lake. Yule "mimi" aliyetosha kushika mpaka, mbona hatoshi kushika deni?

Jioni tulimwendea kijana. Tulipofika uani tukamwita kwa jina la mjomba wake, naye akaitika upesi, akatutolea kigoda. Tukaketi, ndipo tukamwuliza habari za magunia.